Nilitaka Tunsume Aaminike, Nikamuuza Juliana

"Isome wewe," Juliana alininong'oneza. "Isome kwa sauti. Mimi yangu si unaijua..."

Akanikabidhi barua. Macho yalikuwa yamemvimba, na kitambaa kimefungwa shingoni kuficha kovu.

Nikaanza kusoma.

"Juliana, daftari lako limenifikia. Nimelisoma mara tatu. Asante kwa kusema ukweli, japo umewaambia watu wote kabla ya kuniambia mimi. Uchumba wetu uishie hapa..."

Nikaendelea.

"...Kama ulivyoandika mwenyewe: nilimkubali kama mtu aliyechoka kusimama anavyokubali kiti."

Jamani!

Ulimi ukagoma.

Ile sentensi niliijua. Niliijua mpaka nukta yake ya mwisho!

Niliiandika MIMI.

"Daftari gani?" Juliana akauliza kwa ile sauti yake ya kukwaruza, kama majani makavu. "Leokadia, mimi sijaandika daftari lolote! Joachim anazungumzia daftari gani?"

Nikamtazama rafiki yangu machoni.

"Sijui, dada," nikasema.

Naam. Nilisema sijui.

Nyie wajukuu zangu mlioko humu mtandaoni, naelekea miaka sabini sasa. Juzi mjukuu wangu alinionesha simulizi ya kijana mmoja, chini watu wamejazana kumsema: "Mhusika wako haaminiki! Mtu gani anapata pigo kama hilo halafu kesho anacheka?" Nikacheka kidogo. Halafu kicheko kikanikauka.

Maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi, Iringa, mwaka 1977. Na nilichofanya ili mhusika wangu aaminike, mpaka leo kinaniuma.

Ilikuwa hivi.

Nilikuwa chuo cha ualimu, mwaka wa pili. Kulikuwa na gazeti la kila wiki lenye hadithi ya kuendelea. Shujaa wake ni binti wa Mbeya, Tunsume, mcheza ngoma hatari! Bweni zima tulikuwa wagonjwa wa Tunsume. Gazeti moja lilisomwa na wasichana arobaini, likirudi kwa mwenyewe limekuwa kama kitambaa cha kudekia.

Halafu siku moja, basi alilopanda Tunsume likapinduka. Mguu ukakatwa. Mwandishi akatuacha hapo hapo, binti anafumbua macho hospitali, anainua shuka...

Wiki iliyofuata, hadithi hakuna. Iliyofuata, hakuna. Karatasi zilikuwa adimu nchini, gazeti likapunguzwa kurasa, na hadithi ikakatwa pamoja nazo.

Bwenini ilikuwa kama msiba!

Basi mimi na kiherehere changu nikanunua daftari. Nikaandika mwendelezo wangu. Sikuweka jina langu popote, nikaandika juu tu: TUNSUME.

Jumamosi mchana, wenzangu wakisukana nje ya bweni, nikawasomea. Tunsume wangu aliinua shuka, akaona mguu haupo, akatabasamu. Akamshukuru Mungu. Akawabembeleza manesi wasilie.

Roza akaniangalia. Roza alikuwa mwenyeji wa Mbeya, mdomo wake haukuwa na breki.

"Leokadia, huyu kakatwa mguu au katolewa jino?"

Watu wakaangua kicheko.

"Tena hata aliyetolewa jino hununa!" akaongeza. "Huyu si Tunsume. Umetuletea malaika, mpeleke kanisani!"

Niliumia, jamani. Niliumia kwa sababu alikuwa na haki. Sikujua mtu aliyepigwa na dunia anafananaje kwa ndani. Nilikuwa sijawahi kupigwa.

Lakini nilikuwa na rafiki aliyepigwa.

Juliana wa Kilolo. Tulianza chuo siku moja, tukalala vitanda viwili vilivyogusana. Alikuwa mwimbaji wa kwanza wa kwaya ya chuo. Akiimba, hata wapishi walikuwa wanatoka jikoni na miko yao.

Alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo uliowapata wengi kwetu milimani. Ukazidi kukua mpaka anapumua kwa shida. Daktari hakumficha. "Tukikupasua utapona," alimwambia, "lakini mishipa ya sauti ipo hapo hapo. Inaweza kuguswa." Juliana akakubali. Angefanyaje? Pumzi ni pumzi.

Akapona. Sauti haikurudi.

Mwalimu bila sauti atafundisha nini? Chuo kikamrudisha nyumbani. Kwaya ikampa kanga na kadi ya pole. Akabakiwa na mama yake, shamba la viazi, na mchumba wake Joachim, aliyekuwa karani wa reli Mbeya, anakaa Iyunga.

Wiki ile ile Roza aliyonicheka, nikaomba ruhusa, nikanunua kilo ya sukari, nikapanda kwenda Kilolo.

Nilikwenda kumjulia hali?

Nilijiambia hivyo. Lakini daftari lilikuwa ndani ya mkoba wangu.

Mama yake alinipokea uani. "Kamwene, mwanangu. Afadhali umekuja. Haongei na mtu huyu. Labda wewe."

Na kweli aliongea. Tulikaa jikoni, ukungu umefunga mlango, tunamenya viazi. Maneno marefu aliyaandika kwa chaki kwenye kibao, mafupi alinong'ona. Miezi mitano hakumfungulia mtu moyo. Siku ile akanifungulia mimi.

Akaniambia wageni wakileta maziwa, wakishaondoka anayamwaga. Hataki pole ya mtu tumboni mwake.

Akaniambia mtoto wa jirani anaimba vizuri, na kuna siku aliomba, akapiga magoti kabisa, mtoto yule apatwe na homa.

Akaniambia kuhusu redio. Joachim alimnunulia redio ili asiwe mpweke. Jumapili redio ikatoa kwaya. Juliana akatoa mawe ya redio, yaani betri zake, akayatupa chooni! Akamwandikia Joachim kwamba mawe yameisha. Joachim masikini akatuma mengine kwa basi. Nayo akayatupa. Akatuma tena...

"Nampenda sana," akaandika kwenye kibao. "Ndiyo maana siwezi kumwambia."

Halafu akafuta, akaandika kingine.

"Hata wewe kuna siku nakuchukia. Ukisema tu 'hodi' pale mlangoni, inatoka bila hata kufikiri. Nakuchukia kwa hiyo hodi."

Nikamkumbatia. Tukalia wote.

Na nyie mnaosoma, niwaambie ukweli wa aibu? Machozi yangu yalikuwa ya kweli. Lakini huku nalia, nilikuwa nayapanga yale maneno kichwani yasije yakanipotea!

Nilirudi chuoni nikaandika siku tatu mfululizo. Tunsume akamwaga maziwa. Tunsume akamwombea homa mtoto wa jirani aliyekuwa akicheza ngoma. Tunsume akatupa mawe ya redio chooni ili asisikie muziki, na mchumba akaendelea kutuma mengine.

Nikawasomea.

Aliyekuwa anasukwa alimshika msusi mkono asimame kwanza.

"Leokadia..." Roza akasema, macho yamelowa. "Huyu sasa ni mtu."

Nilivimba kichwa, nawaambia. Nilitembea chuoni kama mwenye chuo.

Lakini lile la hodi, la kumchukia rafiki, sikuliandika. Nililiacha hilo moja tu. Nilijiambia halina nafasi kwenye hadithi.

Sura mbili baadaye, bweni likaanza kulalamika. "Majonzi mpaka lini? Weka mapenzi bwana!" Mimi nilishazoea kusifiwa, nikaogopa kupoa. Basi nikatunga. Nikaandika kwamba Tunsume hakuwahi kumpenda mchumba wake. Moyo wake ulishachukuliwa na mpiga gita mmoja wa mjini. Na mchumba?

"Nilimkubali kama mtu aliyechoka kusimama anavyokubali kiti."

Bweni lilipiga makofi! Kuna waliokiandika kifungu hicho nyuma ya madaftari yao ya hesabu.

Kilikuwa uongo mtupu. Uongo pekee katika sura zile zote.

Likizo ilipofika, Roza akaomba daftari akawasomee ndugu zake Mbeya. Nikampa kwa furaha. Mwandishi gani anakataa wasomaji?

Kaka yake Roza, Philbert, alifanya kazi stesheni. Akalipeleka daftari kazini, wakawa wanasomeana wakati wa chai. Kwenye meza ile kulikuwa na karani mmoja mpole, anayesikiliza kuliko kuongea.

Aliposikia habari ya mawe ya redio, karani akaweka kikombe chini.

"Hilo daftari limetoka wapi?"

"Chuo cha Iringa," Philbert akamjibu. "Limeandikwa na binti huko. Wanaliita la Tunsume, lakini nasikia ni mambo ya kweli ya mtu."

Binti wa chuo cha Iringa. Aliyepata pigo. Anayetupa mawe ya redio. Joachim angefikiri nini? Mchumba wake hana sauti, sasa amesema kwa kalamu! Na kama ya mawe ni kweli, na ya maziwa ni kweli, kwa nini ya kiti isiwe kweli?

Mnaona? Kila ukweli nilioiba ulisimama kuwa shahidi wa uongo wangu!

Joachim akaliazima daftari, akalisoma mwenyewe, ndipo ikaja ile barua. Na ndipo mimi, nimekaa kwenye kigoda cha mama yake, nimekunywa uji wake, nikasema: sijui.

Wiki tatu nilikaa na hilo "sijui". Darasani mwalimu ananiita mara mbili ndiyo nasikia. Roza akaja mbio, "Sura mpya iko wapi, mwandishi?" Nikamwambia naumwa kichwa.

Ningekwenda Kilolo, nikapiga magoti, yakaisha. Sikuweza. Niliona bora niende kwanza Mbeya nikamweleze Joachim, arudi kwa Juliana, na Juliana asijue kamwe kilichotokea. Hata toba yangu nilitaka niipitishe mlango wa nyuma!

Nikasafiri. Iyunga nilifika mchana, mvua inanyesha. Nikamkuta kwenye kibaraza cha chumba chake anapasi shati.

"Shikamoo, kaka. Mimi ni Leokadia. Rafiki yake Juliana."

Akaweka pasi pembeni. "Marahaba. Amekutuma?"

"Hapana." Nikavuta pumzi. "Lile daftari... niliandika mimi."

Hakuelewa. Nikarudia. Nikamweleza jiko, viazi, kibao, chaki. Nikamweleza habari ya Roza na makofi ya bweni.

"Kwa hiyo mawe alitupa kweli?"

"Kweli."

"Na yule mtoto wa jirani?"

"Kweli."

"Na kiti?"

"Kiti nilikitunga. Alichosema yeye ni kwamba anakupenda sana, ndiyo maana hawezi kukwambia."

Yule mtu akaingia ndani, akatoka na kifurushi kidogo cha karatasi. Mawe ya redio. Mapya. Alikuwa ameyanunua kabla daftari halijamfikia, na hakupata moyo wa kuyatupa.

"Umeshamwambia?" akauliza.

"Bado."

"Basi kesho tunakwenda wote. Utasema mbele yangu."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Tukafika Kilolo siku ya pili, alasiri. Juliana alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Alipomwona Joachim, ungo ukamponyoka. Halafu akaniona mimi nyuma yake... akabaki ananitazama.

"Sema," Joachim akaniambia.

Nikasema. Nimesimama juu ya maharage yaliyomwagika, nikasema yote. Mama yake alitoka jikoni katikati ya maneno yangu, akaweka mikono kichwani.

Nilipomaliza, Joachim akapiga magoti. Mwanaume mzima, suruali ya kazi, kwenye udongo.

"Juliana, nisamehe. Nilidhani ni wewe. Yote yalikuwa wewe mtupu! Nitaongea na wazee, turudi tulipokuwa."

Mimi nikashusha pumzi. Nikajua yamekwisha. Mioyo yenu pia najua imeshaanza kushangilia huko mliko.

Subirini.

Juliana akaenda ndani. Akarudi amebeba redio. Akaiweka mbele ya Joachim taratibu, kama unavyoweka mtoto aliyelala.

"Joachim," akanong'ona. Ilibidi sote tuiname kumsikia. "Yeye aliandika uongo. Wewe ukauamini. Kati ya Iyunga na hapa kuna basi kila siku. Hukuja kuniuliza."

"Nilikuwa na uchungu!"

"Najua." Akapumzika, maana kuongea kulimchosha. "Mimi nitakuwa hivi maisha yote. Watu watanisemea maisha yote. Nataka mume atakayekuja kuniuliza MIMI."

Joachim alilia. Aliomba. Mama naye akaomba, "Mwanangu, fikiri vizuri, atakuoa nani..." Juliana akatikisa kichwa tu. Jioni ile Joachim akashuka na redio yake begani, na sikumwona tena.

Nikabaki mimi.

Nikaanza, "Dada, angalau sasa umejua kwamba yeye..."

Akaninyooshea kidole. "Usijifichie kwake."



"Kwa nini?" Juliana akauliza.

"Nilitaka Tunsume aaminike."

"Umefanikiwa."

Hakulisema kwa hasira. Ingekuwa afadhali.

Akaokota kibao, akaandika polepole, akanigeuzia nisome.

"Yote uliandika. Ya maziwa, ya mtoto, ya mawe. Lile la kukuchukia wewe mbona sijasikia kwamba uliliandika?"

Wajukuu zangu... Nimefiwa na mume. Nimezika mtoto. Lakini swali lile ndilo lililonivua nguo. Kumbe nilijua! Mkono wangu ulijua siku zote kwamba mambo ya ndani ya mtu yanauma yakianikwa. Ulijua ulipofika kwangu. Ulipokuwa kwake, haukujua.

Nikaokota maharage, moja moja, mpaka yakaisha. Hakunifukuza. Wala hakunisaidia.

Chuoni niliwaambia wenzangu kila kitu. Roza alilia kuliko wote, akasema ni yeye aliyelipeleka Mbeya. Nikamwambia, "Ulichukua ulichopewa. Niliyetoa ni mimi." Sikuandika tena hadithi. Nimefundisha watoto kusoma na kuandika miaka thelathini na sita, lakini hadithi, hapana.

Na Juliana?

Mama yake aliuliza nani atamwoa. Miaka ya themanini kiwanda cha karatasi kilipoanza Mgololo, alipata kazi ya stoo, kazi isiyohitaji sauti. Huko akakutana na fundi mmoja, Kasian. Nasikia Kasian alijifunza kusoma midomo yake mpaka wakawa wanataniana kanisani bila mtu kusikia. Wakapata watoto watatu.

Nimesema "nasikia". Nimesikia kwa watu.

Maana Juliana alinisamehe, nawaambia kweli. Alinialika harusini, akanikalisha mbele. Nilipofiwa alikuja, akakaa siku nne, akaosha vyombo na wenzake. Kila Krismasi tunatumiana salamu. Ukituona utasema hawa ni ndugu.

Lakini tangu uani pale, hajawahi kuniambia neno lolote la moyoni mwake. Hata moja!

Kasian alipougua, sikuambiwa. Nilijua kwa tangazo la msiba. Nikasafiri mpaka Mgololo, nikamkuta amekaa mkekani, nikamshika mkono.

"Dada, unajisikiaje?"

"Sijambo," akanong'ona. "Safari yako ilikuwaje?"

Mjane wa siku mbili! Sijambo!

Pembeni yake alikaa mwanamke mwingine, jirani yake tu wa kule. Nilipotoka nje kidogo nikageuka. Juliana alikuwa ameinamisha kichwa sikioni kwa yule jirani, anamnong'oneza, machozi yanamtiririka, na yule jirani anaitikia kwa kichwa.

Nafasi ile ilikuwa yangu.

Basi nyie mnaoandika humu, mnaoendeleza hadithi za wenzenu, mnaotafuta wahusika wenye damu na nyama, msiache. Ni kazi nzuri. Mtu aliyeanguka mwandikeni na wivu wake, na sala zake mbaya, na ununaji wake. Roza alikuwa na haki. Lakini anzeni na uchafu wa mioyo yenu wenyewe. Ukishindwa kuandika la kwako kwa sababu linauma, basi ujue na la mwenzako linauma vile vile.

Majina yote humu nimebadilisha. Na kabla sijabandika, wiki iliyopita nilimtumia Juliana ujumbe kwenye simu. Nikamweleza mjukuu wangu ananiomba niandike kisa kile. Nikamuuliza kama ananiruhusu. Nikathubutu kumuuliza na lingine: siku zile, baada ya sisi kuondoka, alijisikiaje? Na sasa, akikumbuka?



Baada ya siku mbili simu ikalia. Ujumbe mfupi.

"Andika ya kwako. Ya kwangu niachie."

Kwa hiyo yote mliyosoma leo ya ndani ya moyo wa Juliana ni yale yale niliyomwibia jikoni mwaka 1977.

Mapya sina. Hajanipa.